Nani Mwenye Haki ya Kuuliza Sadaka ya Wagonjwa Imekwenda Wapi?



Kuna kauli ambayo wengi wetu tumeizoea mpaka tunaiona ni sehemu ya dini. Sanduku linapitishwa baada ya swala ya Ijumaa, au namba ya simu inarushwa kwenye kundi la WhatsApp la Jumuiya, kwamba kuna mtoto anahitaji upasuaji wa moyo au kuna zahanati haina dawa. Tunatoa. Miezi inapita. Akitokea mmoja akauliza zile fedha zilifanya nini, hujibiwa: "Ndugu, ulitoa kwa ajili ya Allah. Ujira wako umeshaandikwa. Yaliyobaki ni yao na Mola wao." Muulizaji hunyamaza, tena huona haya, kana kwamba amekamatwa akihesabu sadaka yake mbele za watu.

Nataka tuipime kauli hiyo, kwa sababu si ya kipuuzi. Ina nusu ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana ina nguvu. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha mtu aliyeazimia kutoa sadaka usiku, kwa siri. Mara ikaangukia mikononi mwa mwizi, mara kwa mwanamke mzinifu, mara kwa tajiri asiyehitaji. Kila kulipokucha watu walilizungumza jambo hilo, naye kila mara akamhimidi Allah akatoka tena. Mwishowe akaelezwa kwamba sadaka yake imekubaliwa, na kwamba huenda mwizi yule akaacha wizi, mwanamke akaacha zinaa, na tajiri akazingatia naye akatoa. Basi ni kweli: mwenye kutoa kwa nia njema hapotezi ujira wake kwa sababu tu mkono uliopokea haukustahiki.

Lakini tazama kisa hiki kinamzungumzia nani. Kinamzungumzia mtoaji, tena mtoaji aliyetoa kwa mkono wake mwenyewe, gizani, bila kujua. Hakisemi kwamba tajiri yule alikuwa na haki ya kuchukua. Wala hakimzungumzii mtu wa tatu, yule ambaye mtoaji amempa fedha ampelekee mwingine. Kauli yetu ya msikitini inafanya ujanja hapo. Inachukua rehema aliyopewa mtoaji na kumfunika nayo mbebaji.

Na mbebaji ana hadithi yake. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu mmoja wa kabila la Azd, Ibn al-Lutbiyya, akakusanye zaka ya Banu Sulaym. Aliporudi, Mtume alifanya naye hesabu. Yule bwana akatenga mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume akauliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama zawadi hiyo ingemfuata. Kisha akapanda mimbari akalisema jambo hilo mbele ya watu wote, akionya kwamba mwenye kuchukua kitu kwa njia hiyo atakuja nacho Siku ya Kiyama amekibeba shingoni, awe ngamia, ng'ombe au mbuzi. Maneno yale ya mimbarini, kama yalivyopokewa, yanamzungumzia mfanyakazi tuliyemtuma bila kulitaja jina lake. Hesabu ilikuwa ya wazi, na mtu hakuvunjiwa heshima kupita kiasi cha kosa. Hakuna aliyesimama kumwambia Mtume kwamba watoaji wa Banu Sulaym walitoa kwa ajili ya Allah na kwa hiyo mambo yameisha.

Mafakihi wanalo jina la mtu huyu wa katikati: wakili. Nikikupa shilingi elfu 50 nikakwambia umpelekee mgonjwa aliyelazwa wodi ya tatu, fedha hizo hazijawa zako hata kwa dakika moja. Wewe ni mwaminiwa. Zikipotea bila uzembe wako, hulipi. Ukizembea, au ukavuka mpaka niliokuwekea, unalipa. Na huna ruhusa ya kumpa mgonjwa wa wodi ya tano bila idhini yangu, hata ukiona yeye ndiye mhitaji zaidi; rudi uniulize. Kwenye zaka mambo ni mazito zaidi. Mafakihi walitofautisha baina ya kumkabidhi mtawala au mkusanyaji aliyewekwa naye, ambapo dhima inakutoka hapo hapo, na kumkabidhi wakili wako binafsi, ambapo dhima inabaki shingoni mwako mpaka mali imfikie anayestahiki. Wapo wanazuoni wa leo wanaozipa baadhi ya taasisi hukumu ya kwanza. Lakini shirika la matibabu lililosajiliwa na watu watano, likafungua namba ya simu ya kuchangia, halijateuliwa na mtawala wala kadhi yeyote. Kwa hukumu ya kawaida ni wakili wako. Ikiwa umelipa zaka yako kwake na hujui ilimfikia nani, swali la "imekwenda wapi" si udadisi. Ni swali kuhusu faradhi yako mwenyewe, kama umeitimiza au bado.

Msidhani haya ni mambo ya vitabuni tu. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami ilipiga nchi za Bahari ya Hindi, mpaka pwani ya Somalia, na dunia nzima ikachanga. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Januari 2005, Madaktari Wasio na Mipaka, wale MSF tunaowafahamu Congo na kwenye kambi za wakimbizi hapa Uganda, walitangaza kwamba fedha walizopokea kwa ajili ya tsunami zimetosha, na hawataki nyingine zenye jina hilo. Wapo waliowalaumu kwamba wanavunja moyo wa watoaji. Kisha wakawaandikia waliokwisha kutoa, wakiomba ruhusa ya kuzihamishia zilizozidi kwenye majanga yasiyo na kamera, kama Darfur na Niger. Walio wengi wakakubali. Hao si Waislamu kama shirika, na sidhani walisoma mlango wa uwakala. Lakini walichofanya ndicho mlango huo unachosema: mali si yangu, mpaka uliweka wewe, nikitaka kuuvuka nakuuliza.

Sasa turudi nyumbani. Wengi wetu tunaosoma gazeti hili mwaka 2005 tulikuwa watoto wachanga au hatujazaliwa, kwa hiyo tumeusikia mkasa wa Global Fund kama tunavyosikia habari za vita vya zamani. Mwezi Agosti mwaka huo mfuko huo wa dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulisimamisha misaada yake yote mitano kwa Uganda, baada ya wakaguzi kuona matatizo makubwa katika kitengo kilichokuwa kikiisimamia ndani ya Wizara ya Afya. Rais aliunda tume iliyoongozwa na Jaji James Ogoola. Mambo yaliyosikika mbele ya tume yanasikitisha hadi leo, na mojawapo ni mashirika ya mkobani: ofisi ni begi, wafanyakazi ni mume na mke, wagonjwa ni majina kwenye karatasi.

Kesi iliyojulikana zaidi ni ya Teddy Ssezi Cheeye. Alikuwa mkurugenzi wa ufuatiliaji wa uchumi katika Ofisi ya Rais, na alikuwa na shirika lake lililoitwa Uganda Centre for Accountability, yaani kituo cha uwajibikaji. Shirika hilo lilipewa zaidi ya shilingi milioni 100 za Global Fund ili likague na kufuatilia jinsi wengine wanavyotumia fedha za mfuko wilayani. Mwaka 2009 mahakama ya kupambana na rushwa ilimkuta na hatia ya kuzifuja na ya kughushi karatasi, ikamhukumu miaka 10 jela. Someni tena jina la shirika. Mimi nikisikia taasisi ina neno amana, uwazi au ikhlasi katika jina lake, huanza kuuliza maswali mawili zaidi.

Haya ndiyo yaliyofika mwisho. Mengine hayakufika. Kesi ya fedha za chanjo za GAVI iliwafikisha mahakamani watu waliokuwa mawaziri wa afya. Mmoja wao alihukumiwa mwaka 2013 na mwaka huo huo akaachiwa kwa rufaa. Sisemi rufaa ilikosea, sina elimu hiyo. Nasema kwamba mahakama huja nyuma kwa miaka mingi, hutaka ushahidi usio na shaka, na haikuumbwa kuwa mhasibu. Mtu anayesema "kama wameiba, sheria itawashika" anampa jaji kazi ambayo ilikuwa ya mtoaji, ya bodi na ya jirani wa zahanati miaka minne kabla.

Watakuja wa kusema: lakini kuuliza ni dhana mbaya, na Allah katika Suratul Hujurat, aya ya 12, ametukataza kuwadhania watu vibaya na kupelelezana. Hoja hii naiheshimu, nami nimeona inavyotumiwa. Miaka michache iliyopita taasisi moja, ambayo sitaitaja, ilikuja chuoni kwetu kuchangisha kwa ajili ya kambi ya macho, upasuaji wa mtoto wa jicho kwa wazee wa vijijini. Picha zilikuwa nzuri. Tulichanga. Baada ya muhula mmoja kaka mmoja wa kitivo cha biashara akawaandikia barua ya heshima kabisa akiuliza mambo mawili: wamefanyiwa upasuaji watu wangapi, na wapi. Jibu lililokuja lilikuwa ile aya ya dhana, kwa Kiarabu, na chini yake kipicha cha mikono miwili inayoomba dua. Idadi haikuwemo.

Hebu tuitazame aya hiyo na nyingine zilizo pamoja nayo katika Kitabu kile kile. Suratun Nisaa, aya ya 6, inamzungumzia msimamizi wa mali ya yatima. Siku ya kumkabidhi yatima mali yake, msimamizi ameamrishwa aweke mashahidi. Amri hiyo haikuwekwa kwa msimamizi anayeshukiwa. Imewekwa kwa kila msimamizi, hata mcha Mungu, hata ami wa yatima mwenyewe. Aya ya deni, Suratul Baqara 282, inaamrisha deni liandikwe, na hakuna anayesema kwamba kuandikisha deni ni kumtukana mdaiwa. Hapo ndipo tofauti ilipo. Upelelezi ni kumfuata mtu mmoja kwa sababu ya jambo ulilolidhania kichwani. Hesabu ni utaratibu unaowekwa kabla, kwa wote, mwema na mbaya, kiasi kwamba kuuliza hakumwelekezi mtu kidole. Kwa hiyo hesabu inapunguza dhana mbaya. Palipo na risiti hakuna haja ya kunong'ona. Palipo na aya peke yake, watu wananong'ona mpaka asubuhi, na mwaminifu na mwizi wanasengenywa kwa kiwango kimoja.

Ila na sisi watoaji tuna upofu wetu. Tukijifunza kuuliza, swali la kwanza linalotujia ni moja tu: asilimia ngapi inaliwa na ofisi? Shirika likisema asilimia 3, tunapiga takbira. Likisema 20, tunasusa. Kipimo hiki ni kibovu. Qur'ani yenyewe, ilipotaja mafungu manane ya wanaopewa zaka katika Suratut Tawba, aya ya 60, iliwataja wanaoitumikia zaka kuwa fungu la tatu, baada ya mafukara na masikini na kabla ya mafungu mengine matano. Kazi ya kupeleka mali ina ujira, na ujira huo unatoka kwenye mali yenyewe. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tumekulia ndani yake, mtumishi wa zaka hupewa ujira unaolingana na kazi yake. Fungu lake likizidi ujira huo, ziada hurudishwa kwa mafungu mengine. Yaani mafakihi hawakuuliza "kidogo kiasi gani?" Waliuliza "kazi gani?"

Katika mambo ya afya swali hilo ni la uhai na kifo. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kwenye nyuzi joto kati ya 2 na 8 kutoka kiwandani mpaka kwenye bega la mtoto. Friji, mafuta ya jenereta, pikipiki ya kupandisha boksi la barafu milimani Bundibugyo, kijana anayeandika joto la friji asubuhi na jioni: yote hayo kwenye hesabu huandikwa gharama za uendeshaji. Shirika linalojisifu kwamba kila shilingi inakwenda kwa mgonjwa ama halina friji, ama linadanganya mahali pa kuandika. Na mhasibu na mkaguzi, wale watakaomshika mwizi, nao hulipwa kutoka fungu hilo hilo. Tukilazimisha ofisi iwe bure, tumemfukuza mlinzi halafu tunashangaa ng'ombe wameibiwa.

Nitoe mfano mmoja wa upande wa pili. Katika mlipuko wa Ebola Afrika Magharibi, kati ya mwaka 2014 na 2016, Shirikisho la Kimataifa la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu lilipoteza zaidi ya dola milioni 6 kwa udanganyifu: zaidi ya milioni 2 Sierra Leone kwa njama baina ya wafanyakazi wake na wa benki, karibu milioni 3 Liberia kwa bei na mishahara iliyotiwa chumvi, na kiasi cha milioni 1 Guinea kwenye malipo ya forodha. Tunayajua haya kwa sababu mwaka 2017 shirikisho lenyewe lilifanya uchunguzi na kutoa taarifa. Sasa pima. Shirika A limetangaza limeibiwa milioni 6, likaeleza wapi na vipi. Shirika B halijawahi kutangaza kwamba limeibiwa hata kikombe cha chai. Wewe utampa nani? Wengi tutampa B, na B anajua hilo, kwa hiyo ataendelea kunyamaza. Sisi wenyewe tunamfundisha kuficha.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba jambo lote ni kati ya mtoaji na mbebaji. Nadhani hapo ndipo sote tunapokosea, wanaokataza kuuliza na wanaouliza. Allah katika Suratul Maarij, na vilevile katika Sura ya Dhariyat, amewasifu watu ambao ndani ya mali zao kuna haki ya mwombaji na ya aliyenyimwa. Neno ni haki. Kama ni haki, basi fedha ile ilikuwa na mwenyewe hata kabla sijaitoa mfukoni. Mimi nilikuwa nimeishika tu, kisha shirika likaishika. Mwenyewe yuko wodini, au yuko kijijini akipapasa ukuta kwa sababu haoni.

Ukilikubali hilo, ile kauli ya "mimi nimesamehe, namwachia Allah" inaanguka yenyewe. Unasamehe kama nani? Mtu akiniibia ng'ombe wangu, naweza kumsamehe, na nitapata thawabu. Akiiba ng'ombe wa jirani niliyekuwa namchungia, msamaha wangu hauna maana. Mwenye ng'ombe hajasema neno. Upole wetu kwa wasimamizi wa sadaka, ambao tunauona ni tabia njema, mara nyingi ni ukarimu unaofanywa kwa mali ya mgonjwa ambaye hakuulizwa. Vivyo hivyo mtoaji mkali anayedai hesabu kwa sababu "ni hela yangu" naye amekosea anuani. Anadai sawa, ila kwa jina la mtu asiye sahihi. Anapaswa kudai kama shahidi wa yatima anavyodai, kwa niaba ya mwenye haki asiyeweza kufika mkutanoni.

Kutokana na hapo linakuja swali: je, wagonjwa wenyewe wanasomewa hesabu? Uganda imejaribu, na matokeo yake yanafaa kujulikana na kila mwanafunzi. Katikati ya miaka ya 1990 ilibainika kwamba shule za msingi zilikuwa zikipokea sehemu ndogo mno ya ruzuku iliyotumwa kutoka serikalini. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini na kubandika shuleni kiasi kilichotumwa, na fedha zinazofika zikaongezeka sana. Kisha, miaka ya 2004 na 2005, watafiti Martina Björkman na Jakob Svensson walifuatilia zahanati 50 katika wilaya 9, ambapo baadhi ya vijiji vilipewa taarifa za utendaji wa zahanati yao na kukaa na wahudumu kupanga marekebisho. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalisema vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilipungua kwa theluthi moja hivi. Dunia ikashangilia.

Wengi huishia hapo wanapolisimulia. Lakini utafiti mwingine mkubwa zaidi ulifanywa baadaye hapa hapa Uganda, katika vituo vya afya 376, kwa mbinu inayofanana. Ubora wa huduma uliongezeka kidogo, wagonjwa wakaridhika zaidi, ila vifo vya watoto havikupungua. Nilipousoma nilikaa kimya kidogo, kwa sababu hoja nzima ya "uwajibikaji unaokoa maisha" ilikuwa imesimama juu ya zile zahanati 50.

Je, hoja imekufa? Ingekuwa imekufa kama hesabu ingekuwa ni dawa tu, kama kidonge ambacho kisipotibu tunakitupa. Lakini yatima hawekewi mashahidi kwa sababu mashahidi wanaongeza mali yake. Wanawekwa kwa sababu mali ni yake. Mama aliyepanga foleni tangu alfajiri ana haki ya kujua kwamba katoni 10 za dawa ziliingia mwezi huu na ni 6 tu zilizoandikwa kwenye daftari, hata kama kujua kwake hakutabadilisha takwimu ya wilaya. Kikisaidia, alhamdulillah. Kisiposaidia, bado tunadaiwa. Nadhani wapenda uwajibikaji wanaotegemea takwimu peke yake wamejenga juu ya mchanga, maana takwimu ya kesho inaweza kuwageuka.

Kuna pahala haki hii ya mgonjwa inatuzuia sisi wenyewe. Watoaji wakitaka ushahidi, mashirika huwapa picha: mtoto mwenye uvimbe, mwanamke wa fistula aliyelala kitandani, jina na kijiji chini yake. Tunaridhika. Lakini Suratul Baqara, aya ya 264, imetuonya tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi, na sioni udhia mkubwa kuliko kumfanya mgonjwa alipie dawa kwa sura yake. Picha tena si hesabu. Picha moja inaweza kuchangisha fedha za watu 1,000, na mwizi anaipenda kuliko mtu yeyote. Tudai risiti ya bohari ya dawa, idadi ya vifaa, tarehe, sahihi ya mganga mfawidhi. Uso wa mgonjwa tumwachie mwenyewe.

Na tukigundua wizi, tufanye nini? Wengi husema: tukate msaada. Global Fund walikata mwaka 2005, huku wakisema matibabu ya kuokoa maisha yasikatike na wakitaka usimamizi mpya uwekwe. Novemba mwaka ule ule wakarudisha. Miezi ile mitatu ilikuwa ya hofu kwa watu waliokuwa wakimeza dawa kila siku. Kwa msimamo niliouchukua, kukata moja kwa moja ni kumwadhibu aliyeibiwa. Adhabu inamstahiki wakili: aondolewe, alipe, na mali ipitie mkono mwingine ndani ya juma lile lile kama inawezekana. Anayesema "wameiba, basi sitoi tena" ameongeza hasara ya pili juu ya ya kwanza, na amefurahi kubaki na fedha zake. Kwa uhai wa watu hakuna nafasi ya kususa.

Tusiishie kwa mashirika makubwa, maana ni rahisi kuwahukumu watu walio Geneva. Kila muhula jumuiya zetu huchangia ndugu anayeumwa: figo, ajali ya boda boda, mguu unaotaka vyuma. Chukueni mfano. Tumechanga milioni 9 za upasuaji, hospitali ikatumia 4, kisha ndugu yetu akafariki, Allah amrehemu. Zimebaki 5. Ni za nani? Zikiwa alikabidhiwa yeye au mzazi wake kama zawadi, ni tirka, zinarithiwa, na Jumuiya haina neno. Zikiwa zilikaa kwa katibu wa fedha kwa lengo la upasuaji, yeye ni wakili wa waliotoa, na anapaswa kurudi kwao: turudishe, tuwape wazazi, au tumpe mgonjwa mwingine? Jibu la "zimeingia mfuko mkuu" halimo katika mlango wowote wa fiqhi ninaoujua, hata kama mfuko mkuu ulilipia futari iliyopendeza sana.

Suala hili linamalizwa kabla ya kuchanga, kwa sentensi moja kwenye tangazo: ikizidi, itakwenda wapi. Halafu mwisho wa mwezi karatasi moja ya A4 kwenye ubao wa msikiti, kando ya ratiba ya swala. Iandikwe zilizoingia, zilizotoka, kwa nani zimelipwa, namba ya risiti, kilichobaki, sahihi ya katibu wa fedha na sahihi ya dada mmoja na kaka mmoja ambao si viongozi. Jina la mgonjwa lisiwemo. Nimemwuliza katibu wetu wa sasa, naye amesema yuko tayari, ila anaomba Jumuiya imlipie wino wa printa, na kwamba wino huo uandikwe.